Kupima kaboni dioksidi ya mgonjwa: kihisi cha ngozi, sindano ya ateri au pumzi?

Mgonjwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu amewekewa oksijeni ya puani. Kifaa cha kidoleni kinasoma asilimia 94, midomo haina ubluu, lakini tangu asubuhi anazidi kusinzia na viganja vyake vimepata joto. Oksijeni yake haijapungua. Kinachopanda ni kaboni dioksidi, na kifaa cha kidoleni hakina njia yoyote ya kuiona. Sasa unataka kujua imefika wapi. Uichukue kwenye ateri kwa sindano, kwenye ngozi kwa kihisi chenye joto, kwenye pumzi anayoitoa, au kwenye damu ya vena?

Msimamo wetu tuuseme mapema: kihisi cha ngozi kinaujua mwelekeo kuliko kinavyoijua namba. Ni kifaa kizuri sana cha kuonyesha kama kaboni dioksidi inapanda au inashuka kwa muda wa saa nyingi, na hakuna kingine kinachofanya kazi hiyo vizuri hivyo bila kumchoma mgonjwa. Lakini namba yake ya kwanza isibebe uamuzi mzito kabla hujailinganisha na sampuli moja ya ateri. Na yako mazingira ambayo hakifai kabisa, hata kiwe kipya namna gani.

Kihisi kinapima nini hasa

Asili yake ni ya miaka ya 1950. Richard Stow, huko Ohio, Marekani, alifunika elektrodi ya pH (kipimo cha uasidi) kwa utando unaopitisha gesi lakini hauachii asidi wala chumvi kupita. John Severinghaus akaongeza bikaboneti kwenye kimiminika kilicho nyuma ya utando, na kipimo kikatulia. Kaboni dioksidi ikipenya hutengeneza asidi, pH hushuka, na kushuka huko hugeuzwa kuwa namba ya shinikizo. Mashine za gesi za damu za maabara zimejengwa juu ya kanuni hiyohiyo. Ila maabara huletewa damu yenyewe, wakati kihisi huletewa gesi iliyotoka kwenye kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu), ikapenya ngozi, ndipo ikafika kwenye utando. Chochote kinachovuruga safari hiyo huivuruga namba.

Ili safari iwe nyepesi, kihisi hupasha ngozi joto, mara nyingi kati ya nyuzi 41 na 43 za Selsiasi. Mishipa midogo hutanuka, damu hupita kwa wingi, na damu ya kapilari hukaribia kufanana na ya ateri. Joto hilo lina gharama mbili. Kwanza, damu ikipashwa moto, shinikizo la kaboni dioksidi hupanda kwa takriban asilimia 4.5 kwa kila nyuzi moja, ingawa kiasi cha gesi hakijaongezeka. Pili, seli za ngozi zenye joto hufanya kazi zaidi, hutumia oksijeni zaidi na kutoa kaboni dioksidi ya kwao wenyewe.

Kwa hiyo namba unayoiona kwenye skrini si ile iliyopimwa, imekwisha kukokotolewa. Chukua kihisi cha nyuzi 42 kilichosoma 57 mmHg (milimita za zebaki, kipimo cha shinikizo) pale kwenye ngozi. Mashine hugawa kwa 1.245 ili kurudisha joto hadi nyuzi 37, inapata karibu 46, kisha inatoa kama 5 kwa ajili ya gesi iliyotengenezwa na ngozi. Skrini inaandika 41. Hiyo 5 ndiyo ya kutazamwa kwa makini: ni wastani wa watu wengi, haikupimwa kwa mgonjwa aliye mbele yako. Kwa aliyevimba, aliye baridi au ambaye damu haifiki ngozini vizuri, ukweli unaweza kuwa 9 au 12, na mashine haina habari.

Hapa pana jambo linalowahusu moja kwa moja wagonjwa wa Kiafrika. Oksimita ya kidoleni hupitisha mwanga kwenye ngozi, na imeonekana kusoma oksijeni juu kuliko ilivyo mara nyingi zaidi kwa watu weusi. Elektrodi ya kaboni dioksidi haitegemei mwanga kupita kwenye rangi ya ngozi, inapokea gesi. Kwa hiyo hofu ile haihamii kwenye namba ya kaboni dioksidi. Ila kihisi kimoja kikibeba vipimo vyote viwili, upande wake wa oksijeni wa mwanga unabaki na tatizo lilelile. Na wekundu unaoachwa na joto ni mgumu kuuona kwenye ngozi nyeusi. Ukihamisha kihisi, gusa pale kilipokuwa kwa mgongo wa kidole, tazama kwa mwanga wa kutosha, tafuta ukavu, mng'ao au lengelenge dogo.

Usahihi: usidanganyike na neno "wastani"

Wauzaji hupenda kuonyesha mchoro wenye nukta zilizojipanga kwenye mstari na kusema vipimo viwili vinakwenda pamoja. Kwenda pamoja si kukubaliana. Mizani inayozidisha kilo tano kwa kila mtu inakwenda pamoja kabisa na mizani sahihi, na bado ni mbovu. Martin Bland na Douglas Altman walilieleza hili katika jarida la Lancet mwaka 1986, wakatoa njia inayotumika mpaka leo: kwa kila mgonjwa toa kipimo kimoja kwenye kingine, tafuta tofauti ya wastani, kisha tafuta mipaka ambamo tofauti 95 kati ya 100 zinaangukia.

Kwa kihisi cha ngozi, kiwango ambacho wengi hukikubali ni kutofautiana na ateri kwa kisichozidi 7.5 mmHg, yaani kPa (kilopaskali) 1, juu au chini. Uchambuzi mkubwa uliojumlisha tafiti 73, uliochapishwa katika jarida la Thorax mwaka 2019, ulipata tofauti ya wastani ya −0.1 mmHg. Ukiishia hapo utasema kifaa hakina dosari. Lakini mipaka yake ilikuwa kutoka −15 hadi +15 mmHg, mara mbili ya kile kinachokubalika. Makosa ya juu na ya chini yamefutana kwenye wastani. Kwa mgonjwa mmoja hayafutani.

Pima uzito wa jambo hilo kitandani. Kihisi kinasoma 50. Ukweli ukiwa 43, mgonjwa yuko ndani ya kawaida, ambayo ni 35 hadi 45. Ukweli ukiwa 57 na pH imeshuka, anahitaji mashine ya kupumulia kwa barakoa sasa hivi. Kutokana na ile 50 peke yake huwezi kujua uko upande gani.

Kinachookoa kifaa ni kwamba kosa la mgonjwa mmoja, akiwa ametulia na kihisi kiko palepale, huelekea kubaki karibu lilelile kwa saa kadhaa. Kama kilizidi kwa 6 saa mbili usiku, huenda kikazidi kwa karibu hivyohivyo saa saba usiku. Ndiyo maana kupanda kutoka 50 hadi 62 ni habari ya kuaminika kuliko ile 50 ilivyokuwa. Ndiyo maana pia sampuli moja ya ateri mwanzoni hubadilisha kila kitu: ukishaijua tofauti, unaiandika kwenye chati na kuitoa kichwani kila unaposoma. Baadhi ya mashine hukuruhusu kuiingiza ili namba ijirekebishe yenyewe. Tunapendelea kuiandika, maana tofauti iliyofichwa ndani ya mashine husahaulika. Kihisi kinahamishwa, mgonjwa anabadilika, na sahihisho la jana linaendelea kufanya kazi kimyakimya.

Damu ya ateri: kigezo chenye makosa yake

Kila njia nyingine hupimwa kwa kulinganishwa na damu ya ateri, na ndivyo inavyostahili. Inakupa kaboni dioksidi, pH, bikaboneti na oksijeni kwa pamoja. Kihisi cha ngozi hakikupi pH, na bila pH huwezi kutofautisha mtu aliyezoea 60 kwa miaka na mtu aliyefika 60 leo mchana.

Lakini sampuli hukosewa mara nyingi kuliko watu wanavyokiri. Kiputo cha hewa kikibaki kwenye bomba la sindano, kaboni dioksidi hukimbilia humo na namba hushuka. Kitoe mara tu unapochomoa sindano, kabla hujaanza kuchanganya. Heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) ya maji iliyobaki nyingi kwenye bomba hupunguza damu na kushusha kaboni dioksidi pamoja na bikaboneti. Bomba lenye heparini kavu ni bora, na kama huna, lowanisha kuta kisha sukuma yote nje. Sampuli ikikaa, chembe za damu zinaendelea kuishi: kaboni dioksidi hupanda, pH hushuka, oksijeni hupungua. Kwa bomba la plastiki lililoachwa kwenye joto la kawaida la chumba, ipimwe ndani ya dakika 30. Na kama damu imetoka ya vena bila wewe kujua, utaona oksijeni ya chini isiyolingana na kifaa cha kidoleni. Hilo ndilo la kuangalia kabla ya kushtuka.

Pia inauma. Mtoto anayelia au mtu mzima anayeshika pumzi kwa uchungu hubadilisha kaboni dioksidi yake ndani ya sekunde chache, na unachopeleka maabara ni picha ya maumivu. Ganzi kidogo ya ngozi kwenye kifundo cha mkono husaidia. Baada ya kuchoma, bana kwa dakika 5 kamili, na zaidi kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa mtoto njiti kila mililita inahesabika: mwenye kilo 1 ana damu ya mililita 90 hivi mwili mzima, kwa hiyo sampuli nne za nusu mililita kwa siku ni zaidi ya asilimia 2 ya damu yake.

Zaidi ya yote, ateri inakupa dakika moja. Kilichotokea saa nane usiku mgonjwa alipokuwa usingizini hakionekani kwenye sampuli ya saa mbili asubuhi.

Pumzi: haraka kuliko zote, na yenye udhaifu wake

Kapnografia hupima kaboni dioksidi mwishoni mwa kila pumzi inayotoka. Kwa mtu mwenye mapafu mazima, namba hiyo huwa chini ya ile ya ateri kwa 2 hadi 5 mmHg. Kasi yake haina mshindani: pumzi ikikatika unajua papo hapo, wakati kihisi cha ngozi huchelewa dakika moja, mbili au zaidi.

Kwa hiyo kuna mahali ambapo mjadala haupo. Kuhakikisha bomba la kupumulia limeingia kwenye koromeo la hewa na si kwenye umio ni kazi ya kapnografia, na kihisi cha ngozi kisitajwe kabisa hapo. Vivyo hivyo wakati wa kusukuma kifua moyo uliposimama: mawimbi ya pumzi hukuonyesha kama msukumo unapeleka damu, na kupanda kwa ghafla huashiria moyo umerudi. Ngozi wakati huo haina damu ya kuipa kihisi.

Udhaifu wa pumzi uko kwenye mapafu yenyewe. Sehemu ya pafu inayopata hewa bila kupata damu hutoa hewa isiyo na kaboni dioksidi, na hewa hiyo huchanganyika na iliyo nayo. Kwenye mgando wa damu mapafuni, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, au moyo unaosukuma kidogo, pengo la 2 hadi 5 linaweza kuwa 15 au 20, na kubadilika saa hadi saa. Yaani pale mgonjwa anapokuwa mahututi zaidi, ndipo pumzi inapodanganya kwa kusoma chini. Kwa anayepumua mwenyewe kwa mrija wa puani, mdomo ukiwa wazi au oksijeni ikipulizwa kwa kasi, sampuli huchanganyika na hewa. Tazama umbo la wimbi, na kama halina uwanda wa juu uliotulia, namba usiiandike. Kwenye barakoa ya mashine, hewa inayovuja kwa makusudi hufanya hivyohivyo.

Kwa kichanga wa kilo 1, pumzi nzima ni mililita 4 hadi 6. Kifaa kinachonyonya sampuli ya mililita 50 kwa dakika, pamoja na bomba lisilo na puto linalovuja pembeni, kinaacha kidogo sana cha kupima. Na kwenye mashine ya mitetemo ya kasi, ambako hakuna pumzi kamili inayotoka, kapnografia ya kawaida haina la kusoma. Hapo kihisi cha ngozi hakina mbadala wa karibu.

Tahadhari moja kwa hospitali za nyanda za juu: baadhi ya vifaa vya pumzi huandika asilimia badala ya mmHg. Asilimia 5 mapafuni Dar es Salaam, usawa wa bahari, ni (760 − 47) × 0.05, karibu 36 mmHg; 760 ni shinikizo la hewa, 47 ni la mvuke wa maji mapafuni. Nairobi, ambako shinikizo la hewa ni kama 620, asilimia 5 hiyohiyo ni karibu 29. Soma kwa mmHg au kPa. Ni sababu hiyohiyo inayofanya kalibresheni ya kihisi cha ngozi (kukirekebisha kwa gesi ya mtungi ambayo kiasi chake kinajulikana) itegemee shinikizo la hewa la mahali: mtungi una asilimia, mashine inahitaji kujua asilimia ya nini. Mashine hupima shinikizo hilo yenyewe, ila namba hiyo ikaguliwe kwa barometa inayoaminika kifaa kinapofungwa mara ya kwanza.

Vena na kapilari, kwa ufupi

Damu ya vena ya mkono haikupi namba ya ateri. Kwa wastani huwa juu kwa 4 hadi 6 mmHg, lakini hutawanyika mno. Ina matumizi moja ya thamani: ikiwa kaboni dioksidi ya vena ni 45 au chini, ni nadra sana ile ya ateri kuwa imepanda, kwa hiyo unaweza kumwacha mgonjwa bila kumchoma ateri. Ikiwa juu ya 45, haijakwambia kitu bado.

Damu ya kapilari kutoka ndewe ya sikio iliyosuguliwa hadi ikapata joto, au kisigino cha kichanga kilichopashwa joto, hukaribia ateri vizuri kwa kaboni dioksidi na pH, mradi damu inatiririka yenyewe. Ukikamua, umeharibu. Kisigino cha baridi au mtoto aliye katika mshtuko, achana nacho.

Namna kihisi kinavyokosea, na alama za kukitambua

Hewa imeingia chini ya kihisi: hili ndilo kosa la kila siku. Hewa ya chumba ina kaboni dioksidi ya karibu 0.3 mmHg tu, kwa hiyo kiputo au gundi iliyoachia huangusha namba kwa kasi. Ikishuka kutoka 52 hadi 20 ndani ya dakika tatu huku mgonjwa hajabadilika kupumua, tazama pete ya gundi kabla ya kitu kingine. Kihisi kinachopima pia oksijeni ya ngozi kitakusaidia kuamua: kaboni dioksidi ikianguka huku oksijeni ikiruka juu kuelekea 150, ni hewa. Uvujaji mdogo ni mbaya zaidi, maana hushusha kwa 6 au 8 tu na kukaa hapo, na namba inaonekana ya kupendeza.

Kihisi kimebanwa: mgonjwa amelalia bega, au pete imekazwa, au waya umevutwa. Kapilari zinafungwa, gesi inakusanyika, namba inapanda polepole bila kusimama. Mgeuze au legeza, na ikirudi chini ndani ya dakika chache umepata jibu.

Damu haifiki ngozini: mshtuko, baridi, dozi kubwa ya noradrenalini au dawa nyingine za kubana mishipa. Hapa kihisi husoma juu kuliko ateri, wakati mwingine juu sana. Kama kidole kilichobonyezwa kinachukua zaidi ya sekunde 3 kurudisha rangi, tunashauri uache kuitumia namba kama kaboni dioksidi ya ateri. Uvimbe wa maji mwilini nao hurefusha njia ya gesi na kuchelewesha kila badiliko.

Utando umechoka: kalibresheni inachukua muda mrefu, namba inatangatanga, au baada ya saa nne imeteleza bila sababu. Inua utando usawa wa jicho chini ya taa; mkwaruzo, kiputo au sehemu iliyokauka inatosha kuubadilisha. Kucha na pamba ngumu ya kusafishia ndizo huuharibu zaidi kuliko umri wake. Ukitaka kujua kama kosa ni la kifaa au la mgonjwa, kirudishe kwenye kituo chake cha kalibresheni: kikisoma gesi ya mtungi sawasawa, kifaa ni kizima, tatizo liko kwenye ngozi au kwenye uwekaji.

Papara: kihisi kilichowekwa sasa hivi hakijasema kitu. Ngozi inahitaji dakika 10 hadi 20 kupata joto na kutulia. Mara nyingi namba huanza juu na kushuka taratibu. Anayechukua sampuli ya ateri dakika ya tano atapata tofauti isiyo ya kweli, kisha ataibeba usiku kucha.

Uwekaji unaotoa namba inayofaa

Fanya kalibresheni kwanza. Chagua ngozi laini, isiyo na nywele, kovu, vena kubwa wala mfupa ulio karibu: chini ya mtulinga, paji la uso, shavu au ndewe kwa mtu mzima; kifua cha juu, tumbo au paja kwa kichanga. Ndewe iwe kubwa kuliko uso wa kihisi. Kama ina tundu la hereni lililo wazi, hamia kwingine, kwa sababu tundu ni njia ya hewa. Futa mafuta kwa spiriti na subiri ikauke. Losheni na mafuta ya nazi hufanya pete iachie saa mbili baadaye. Bandika pete, weka tone moja tu la kimiminika cha mguso katikati, kisha shusha kihisi kwa mshazari ili hewa isukumwe nje, ndipo ukibane. Matone mawili humwagika chini ya gundi na kuiachilia. Funga waya kwa plasta sentimita chache kutoka kihisi ili mvuto uishie kwenye plasta.

Subiri dakika 20. Kisha chukua ateri, na uandike namba ya skrini dakika ileile damu inapoingia kwenye bomba, si majibu yanaporudi. Tofauti ikizidi 7.5, usikimbilie kusahihisha: bandika upya mahali pengine na urudie. Ikibaki kubwa, kwa mgonjwa huyo tumia mwelekeo pekee.

Joto na saa huenda pamoja. Kwa mtu mzima, nyuzi 42 huruhusu saa kadhaa mahali pamoja, mara nyingi hadi 8, kufuatana na kitabu cha kifaa. Kwa kichanga njiti shusha hadi 41 na uhamishe kila saa 2 hadi 4, kwa kuwa ngozi yake huungua na gundi huibandua. Kupunguza joto zaidi huokoa ngozi lakini damu ya kapilari hubaki mbali na ateri na mwitikio huwa mzito. Badilishano hilo likubaliwe kwa kujua.

Kwa hiyo uchague kipi

Kwa mgonjwa wa kwanza tuliyemtaja, anayesinzia kwenye oksijeni: ateri sasa, kwa ajili ya pH. Akianza barakoa, weka kihisi cha ngozi kifuate saa zinazokuja, na urudie ateri baada ya saa moja hivi, au mapema kihisi kikipanda kwa 8 hadi 10. Hii ndiyo kazi ambayo kihisi huifanya kwa heshima: huondoa sindano za kati, hakiondoi ya kwanza.

Watoto njiti kwenye mashine: kihisi cha ngozi kiwe karibu cha kudumu. Kaboni dioksidi inayopanda na kushuka kwa kasi inahusishwa na kutokwa damu kwenye ubongo wao, na mashine ikibadilishwa kidogo, mabadiliko huja ndani ya dakika. Anayesubiri sampuli ya saa sita ijayo atakuwa amechelewa.

Vipimo vya usingizi: ngozi. Chama cha Marekani cha tiba ya usingizi kinahesabu kwa mtu mzima kuwa upumuaji umepungua usingizini ikiwa kaboni dioksidi imezidi 55 mmHg kwa dakika 10 au zaidi, au imepanda kwa angalau 10 kutoka ile ya akiwa macho amelala chali na kuvuka 50 kwa muda huo. Kwa mtoto, ni zaidi ya asilimia 25 ya usingizi akiwa juu ya 50. Vigezo hivyo vinahitaji mstari wa usiku kucha. Hakikisha kalibresheni inafanyika mwanzoni na mwishoni, ili utelezi usihesabiwe kama ugonjwa.

Dawa za usingizi kwa kipimo kifupi cha tumbo au mapafu: pumzi kwa usalama wa sekunde kwa sekunde. Ngozi iongezwe kama ni kipimo kirefu na mgonjwa ana oksijeni nyingi, kwa kuwa hapo kifaa cha kidoleni hutulia muda mrefu baada ya upumuaji kupungua.

Kipimo cha kusimamisha pumzi ili kuthibitisha kifo cha ubongo: kaboni dioksidi hupanda kama 3 mmHg kila dakika, na lengo ni kufika 60 na angalau 20 juu ya ilipoanzia. Kihisi kinakwambia lini uchukue sampuli, hakithibitishi. Ateri ndiyo huandikwa.

Mshtuko, moyo kusimama, kuwekewa bomba la hewa: kihisi cha ngozi kiache kabatini.

Kwa hospitali yenye fedha ya kifaa kimoja tu, tungenunua kapnomita (kifaa cha kapnografia) kwanza, bila kusita, kwa sababu bomba lililoingia umioni huua ndani ya dakika. Cha pili kiwe mashine ya gesi za damu, mradi katriji zake zinapatikana mwaka mzima na lipo jokofu la kuzitunza. Kihisi cha ngozi ni cha tatu, isipokuwa kwa wodi ya watoto njiti au kliniki ya mashine za barakoa, ambako kinaweza kupanda hadi cha pili. Kabla ya kusaini, iwe ni SenTec ya Uswisi, Radiometer ya Denmark au mwingine, omba bei ya vitu vinne kwa miezi 12: utando, pete za gundi, kimiminika cha mguso na mtungi wa gesi. Uliza mtungi unaingiaje nchini, kwa kuwa gesi iliyobanwa haisafirishwi kama mizigo mingine, na fundi vifaa tiba gani ataonyeshwa kubadilisha utando. Pete za gundi zikiisha, watu hutumia plasta ya kawaida, hewa huingia, na kihisi kizima huanza kusoma 30 kwa mgonjwa mwenye 55.